Tusiwafundishe Watoto Kama Askari na Watu Wazima Kama Watoto

Hotuba kwa makocha wa karate, judo na taekwondo pamoja na wazazi, jijini Mwanza

Mheshimiwa mwenyekiti, waalimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliokaa dirishani kwa kukosa viti: shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za asubuhi. Itifaki imeshazingatiwa na walionitangulia, tena kwa kirefu, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiingia moja kwa moja kwenye hoja.

Nimeombwa nizungumzie tofauti kati ya kumfundisha mtoto sanaa za kujilinda na kumfundisha mtu mzima. Nitasema ninavyoona. Hapa Mwanza tumewabadilishia nafasi. Mtoto wa miaka 6 anasimamishwa kwenye mstari nusu saa, anasimuliwa habari za Okinawa, kisiwa cha Japani ilikozaliwa karate, na akicheka anapigishwa pushapu. Mama wa miaka 42, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, aliyeamka alfajiri kuwahi mitumbwi, anaambiwa apige teke mara hamsini. Akiuliza teke hilo kazi yake nini, anajibiwa atajua akifika mkanda mweusi. Asiyehitaji maneno tunammwagia maneno, na anayehitaji maelezo tunamnyima.

Sababu yake wala si falsafa. Ni kodi ya ukumbi. Tunakodi darasa la shule au ukumbi wa kanisa kwa saa moja na nusu jioni, mara mbili au tatu kwa wiki, na kila aliyelipa ada anaingia humo humo. Mtoto wa chekechea anasimama ubavuni mwa dereva wa bodaboda. Kocha naye anamfundisha mtu wa katikati, ambaye kwa kweli hayupo ukumbini: si mtoto wala si mzazi, ana nguvu za kutosha, haumwi goti, wala hana haja ya kwenda chooni kila baada ya dakika ishirini.

Najua kuna hoja itakayonijia wakati wa maswali, basi niijibu kabla haijasimama. Mwalimu mmoja atasema: sisi tulifundishwa hivi hivi, sanaa ina asili yake, ukianza kuikata vipande kwa ajili ya watoto utabaki na maigizo. Naiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa mara nyingi wanaoitoa ndio wanaofungua dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, hata siku ya mvua kubwa. Ila historia haiwaungi mkono.

Aliyeingiza karate mashuleni ni Anko Itosu wa Shuri, kule Okinawa, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kabla ya hapo mwalimu alikuwa na wanafunzi wachache, akiwafunza uani kwake, kila mmoja kwa mwendo wake. Itosu alipokutana na darasa zima la wanafunzi alitunga kata fupi tano, yaani mifuatano ya mbinu inayofanywa bila mpinzani, zile za Pinan ambazo wengine hapa mnaziita Heian, kwa kuwa kata za zamani zilikuwa ndefu mno kuanzia. Mwaka 1908 akaandika barua ya mambo kumi kuishawishi serikali ieneze karate mashuleni, na hakuficha kwamba vijana waliofunzwa hivyo wangefaa jeshini. Katika mazingira hayo ndiyo ilikomaa mistari iliyonyooka na hesabu za kupaza sauti ambazo leo tunaapa kwamba ni asili. Yenyewe yalikuwa marekebisho, ya wakati ule na kwa haja ya wakati ule.

Nasi wa Goju-ryu tusijivune. Mtindo huu wa karate ulifika Dar es Salaam miaka ya 1970 kwa mkono wa Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, na wengi wetu humu ni wajukuu wa dojo lake. Kata ya kwanza tunayomfundisha kila mgeni, Gekisai, haina hata miaka mia. Chojun Miyagi, mwanzilishi wa mtindo wetu, aliitunga mwaka 1940 ili wanafunzi wa shule na watu wa kawaida wapate pa kuanzia, badala ya kukaa miaka na kata ya zamani ya Sanchin peke yake. Jigoro Kano naye, aliyeanzisha judo na shule yake ya Kodokan mwaka 1882, alikuwa mwalimu wa shule kwa taaluma. Alizichukua mbinu za jujutsu, sanaa ya zamani ya kupigana ya Japani, zile za hatari akazitoa kwenye mazoezi huru, na ndiyo maana watu wanaweza kuangushana jioni na kesho yake wakaenda kazini. Waanzilishi wenyewe walipunguza, wakapanga upya, wakatunga vipya. Anayekataa kubadilisha chochote kwa ajili ya mtoto hawafuati hao.

Sasa tuje kwenye mwili wa mtoto. Hapa nitakaa.

Mfupa wa mtoto unakua kwenye ncha zake, palipo na gegedu laini. Gegedu hilo huja kufunga na kuwa mfupa mgumu, kwa wasichana wengi kati ya miaka 14 na 16, kwa wavulana kati ya 16 na 18. Kabla halijafunga, ndilo sehemu dhaifu kuliko zote katika kiungo, dhaifu hata kuliko mishipa inayoshikilia mifupa. Pigo au mzigo ambao kwa mtu mzima ungeishia kuteguka, kwa mtoto unaweza kuumiza mahali pale pale pa kukulia, na mfupa ukikua vibaya hakuna kuurudisha nyuma. Kwa hiyo nasema bila kumumunya: pushapu za ngumi juu ya sementi, ubao wa kupigia ngumi, kuvunja matofali, kumbeba mwenzake mgongoni akiruka kichura, hayo hayana nafasi katika darasa la mtoto wa miaka 9. Sijali yanapendeza kiasi gani siku ya maonyesho pale viwanja vya Furahisha. Kadhalika kumkalia mtoto mgongoni ili apasue msamba. Mtoto ni mlaini tayari. Unachoweza kumwongezea kwa nguvu ni kulegea kwa kiungo, na hicho hakuna anayekihitaji.

Halafu kuna kipindi ambacho wengi wetu tunakikosea. Msichana akifika miaka 11 au 12, mvulana 13 au 14, mwili unarefuka kwa kasi. Mvulana anaweza kuongeza sentimita 9 au 10 kwa mwaka mmoja. Yule aliyekuwa hodari wa mawashi geri, teke la kuzungusha, ghafla anajikwaa, teke linapita pembeni, kata aliyoijua inakuwa na makosa. Ni dereva aliyelala na bajaji akaamka na Fuso. Kocha anamwita mvivu. Mzazi anadhani kuna mapenzi shuleni. Kumbe mifupa imetangulia na misuli bado inaifuata. Wengine wanalalamika maumivu chini ya goti, penye kinundu pale mshipa wa paja unapoishia, na maumivu hayo yanazidi wakiruka au wakichuchumaa. Mtoto huyo hadanganyi. Punguza kuruka, punguza mateke ya haraka kwa miezi kadhaa, mpe kazi ya mizani, yaani ya kusimama bila kuyumba, ya mikono, ya kuwaongoza wadogo. Atarudi. Wengi tunaowapoteza katika umri huu hawakuchoka karate, walichoka kuitwa wazembe.

Kichwa ndicho kinachoninyima usingizi. Ubongo wa mtoto wa miaka 6 umeshafikia karibu asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, ila shingo iliyoubeba bado ni ya mtoto. Akiangushwa kinyumenyume, kichwa hicho kinarushwa na shingo haiwezi kukizuia. Japani walilipia somo hili kwa gharama kubwa. Kuanzia mwaka 1983, katika muda usiofika miaka thelathini, wanafunzi zaidi ya 100 walifariki katika judo ya mashuleni, na wengi wao kwa majeraha ya kichwa, damu ikivujia kati ya ubongo na fuvu. Wanaoanza, hasa wa mwaka wa kwanza, walikuwa wengi miongoni mwao. Mbinu iliyotajwa sana ni osoto gari, ile ya kumfagia mtu mguu kwa nyuma akaanguka chali. Nchi iliyoizaa judo, yenye mikeka mizuri na waalimu wenye vyeti! Ilipotiliwa mkazo namna ya kuanguka na hatari za kichwa, vifo vikapungua sana.

Sisi hapa tunaangukia wapi? Wengine kwenye sponji la godoro lililokatwa, wengine kwenye turubai lililotandikwa juu ya pumba za mpunga, wengine kwenye nyasi, na nimeona klabu moja inayoangushana sakafuni kabisa huku kocha akisema inakomaza. Sitaitaja. Pumba za mpunga si mbaya, hazina gharama, mashine za kukoboa zinatupa magunia mazima, mradi uzishindilie zienee sawa na uzibadilishe zikishika unyevu. Lakini kabla ya mkeka kuna kidevu. Mtoto ajifunze kuweka kidevu kifuani akiwa ameketi, kisha akiwa amechuchumaa, kisha akiwa amesimama, na asiangushwe na mtu yeyote mpaka aweze kuanguka mwenyewe bila kisogo kugusa chini. Hiyo ni kazi ya miezi. Kukaba shingo na kukunja viwiko kusubiri ujana. Na mtoto aliyegonga kichwa, akalalamika kinamuuma, au akaonekana kuduwaa, au akatapika, hamalizi kipindi hata akisema yuko sawa. Anapelekwa kwa daktari, na hapigani tena mpaka daktari aruhusu. Katika hili sina mjadala na mtu.

Ndugu zangu, yako mambo ambayo vitabu vya Tokyo haviwezi kutuandikia, kwa kuwa sisi tuko Ziwani.

La kwanza ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi mnauita sikoseli. Tanzania inakadiriwa kuzaa takriban watoto 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yanayoongoza. Nendeni kliniki ya Bugando mkaone foleni. Maana yake kocha mwenye watoto wengi hapa Mwanza asijidanganye kwamba kwake hayupo hata mmoja. Mtoto wa selimundu akikimbizwa bila maji, akachoka kupita kiasi, akanyeshewa akapigwa na baridi, anaweza kuingia kwenye maumivu makali ya mifupa na kifua, akalazwa. Simaanishi afukuzwe. Daktari wake akikubali, afanye kata, afanye mizani, apumzike anapotaka bila kuomba ruhusa mara tatu, na chupa yake ya maji ikae pembeni ya mkeka. Ile desturi ya kuwanyima watu maji mpaka kipindi kiishe, eti ni nidhamu, ife leo. Iliwahi kuwa na mashabiki hata kwenye soka, na huko wameiacha.

La pili ni bandama. Watoto wetu wanaogelea na kuchota maji ziwani, na kichocho cha tumbo kinawapata. Malaria nayo haijatuacha. Vyote hivyo, pamoja na selimundu katika miaka ya utotoni, vinaweza kuvimbisha bandama, na bandama iliyovimba inashuka chini ya mbavu za kushoto, isikokuwa na kinga. Teke zuri la mbele, mae geri, likitua hapo linaweza kuipasua, na damu ikavujia tumboni bila mtu kuona jeraha. Kwa hiyo mtoto mwenye tumbo lililojaa, au aliyetoka kuugua malaria wiki mbili zilizopita, hachezi kumite, yaani mapambano. Muulizeni mzazi kama mtoto alimeza dawa za kichocho zilipogawiwa shuleni. Swali hilo linachukua sekunde tano.

Nimesema mtoto hahitaji maneno mengi. Basi anahitaji nini? Anahitaji kufanya. Wa miaka 4 hadi 6 msimpe kata nzima. Mpe kukimbia na kusimama ghafla, kubiringika, kutambaa, kusimama mguu mmoja huku akihesabu, kunguruma anapopiga ngumi hewani. Maelekezo yako yasizidi sentensi mbili, kisha onyesha. Nusu saa inamtosha, dakika arobaini ni nyingi. Kuanzia miaka 7 hadi 10 mwili unakamata mbinu haraka, na hapo ndipo pa kumpa umbo sahihi la ngumi, la teke, la kusimama, lakini kwa vipande vidogo na kwa kubadilisha zoezi kila baada ya dakika chache.

Na michezo mnayo, msiagize. Mabinti zetu wanacheza rede kila jioni huko Mabatini na Igogo. Wawili wanarusha mpira wa soksi kutoka pande mbili, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mtazameni huyo wa katikati. Anageuza kiuno, anabadilisha mguu, macho yako kwenye mkono wa anayerusha, na anafanya kazi nyingine papo hapo. Hiyo ndiyo kukwepa tunayoihangaikia kwenye mkeka miaka mitatu. Mimi huanza kipindi cha watoto kwa rede, na wavulana waliokuwa wanaicheka kama mchezo wa wasichana ndio wanaotolewa wa kwanza. Kuna mchezo wa kuchomeka kitambaa nyuma ya mkanda na kunyang'anyana: unafundisha umbali kuliko mhadhara wowote. Kombolela nayo ina kazi yake, ingawa kwenye ukumbi wa shule mtaishia kutafutana kwenye stoo za watu.

Kuhusu adhabu, nitasema fupi. Pushapu ikiwa adhabu, mtoto atajifunza kwamba mazoezi ni mateso, na ukimwambia kesho afanye pushapu za kujenga mwili atakutazama akitafuta kosa lake. Na fimbo haina nafasi kabisa mkekani.

Mzazi anayemleta mtoto mara nyingi husema, nataka ajue kujitetea. Ni haki yake kutaka. Ila tuwe wakweli: mtoto wa kilo 25 hamwezi mwanamume wa kilo 75, awe na mkanda wa rangi yoyote. Kumfundisha kukunja kifundo cha mkono wa mtu mzima ni kumpa ujasiri wa uongo, na ujasiri wa uongo utamfanya abaki mahali ambapo angekimbia. Kinachomfaa ni kupiga kelele kwa sauti itokayo tumboni, kujichomoa na kukimbilia penye watu, kujua kwamba siri ya mtu mzima anayemgusa si siri, na kuwa na watu angalau wawili wa kuwaambia. Hilo la mwisho linatuhusu na sisi makocha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kwa hiyo yule mwenye mkanda wa kahawia na sauti nzito bado ni mtoto. Kocha asibaki na mtoto mmoja peke yake ndani ya ukumbi. Mlango uwe wazi. Mzazi akitaka kukaa kutazama, apewe kiti. Kocha anayekataa wazazi wasitazame, mimi singempa mtoto wangu, hata awe na dan, yaani madaraja ya mkanda mweusi, ngapi.

Haya, watu wazima. Wanaokuja kwetu jioni ni nani? Dereva wa bodaboda, muuguzi, mwalimu, mwanafunzi wa chuo kutoka Nyegezi, fundi wa simu, na mama mmoja wawili ambao wamekuja kwa sababu mtaani kwao hakuna taa. Wote wana jambo moja linalofanana: kesho wana kazi. Mtoto akichubuka goti leo, kesho anakimbia. Mtu wa miaka 45 akitegua kifundo anakosa siku za riziki, na hakuna mwajiri wa kumlipa. Kumfanyia mtu huyu mazoezi ya kukomoa ni kumtoza ada mara mbili.

Mwili wake unataka kupashwa moto taratibu, dakika kumi na tano hivi, viungo kwanza, kisha mwendo, na kuruka baadaye kabisa. Kuanzia miaka ya thelathini misuli huanza kupungua polepole kwa asiyeitumia, na mishipa inayoshika mifupa inachelewa kuzoea mzigo kuliko mapafu. Ndiyo maana anajisikia amepata pumzi baada ya mwezi, anaongeza kasi, na kisigino kinamwuma miezi sita. Mpe siku ya kupumzika kati ya vipindi vizito. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku. Tazameni tofauti ya hesabu zenyewe: mtoto anahesabiwa kwa siku, mkubwa kwa wiki.

Halafu presha. Wapo wengi wanaotembea nayo bila kujua. Kata ya Sanchin, tunapobana mwili mzima na kusukuma pumzi, inapandisha shinikizo la damu, na zaidi sana mtu akiishikilia pumzi kooni badala ya kuitoa. Mtu mwenye presha anaweza kuifanya Sanchin, ila kwa wepesi, pumzi ikitoka muda wote, na mwalimu asimpige mabega kupima uimara. Mwenye kisukari aje amekula, avue viatu na akague nyayo zake kabla na baada ya mazoezi, kwa kuwa kidonda asichokihisi ndicho kitakachompeleka hospitali. Kila aliyevuka miaka 40 na hajafanya mazoezi kwa muda mrefu apimwe presha kabla ya kipindi cha kwanza. Kituo cha afya hakiko mbali.

Kwa wazee, nina habari njema. Kile kile kinachomtisha mtoto wa judo, kuanguka, kwa mzee ndicho faida kubwa anayoweza kuipata kwetu. Mizani, kuhamisha uzito, kuamka kutoka chini bila kushika kitu. Aliyevuka miaka 65 anashauriwa afanye mazoezi ya mizani angalau siku tatu kwa wiki, na sisi tuna kata zilizojaa kazi hiyo. Hatuna wanafunzi wa umri huo kwa sababu tunawaonyesha ngumi mlangoni.

Na mtu mzima mpe sababu. Mwambie ngumi inazungushwa mwishoni kwa nini, mguu wa nyuma unakanyaga kwa nini. Akikuuliza kama mbinu hii inafanya kazi mtaani, usikasirike, mwonyeshe, na kama haifanyi kazi mwambie hii ni ya kujenga kiuno. Hajaja kukudhalilisha. Ana muda mchache, na anataka kujua unakwenda wapi. Aibu yake nayo uijue: mhasibu wa benki hapendi kukosea mbele ya mtoto wa darasa la nne mwenye mkanda wa kijani. Huo ni ubinadamu, si kiburi, na ni sababu nyingine ya kutenganisha vipindi.

Mikanda na mashindano nitapita haraka, maana najua mioyo iko hapo. Mwezi Machi mwaka 2022 shirikisho la judo la Japani liliyafuta mashindano ya taifa ya mtu mmoja mmoja kwa watoto wa shule za msingi. Waliona makocha na wazazi wanawabana watoto wapungue uzito na washinde kwa gharama yoyote. Kama wao wameona hivyo, sisi tunaopima watoto uzito kwa mizani ya sokoni tuna haraka ya nini? Watoto washindane kwa kata, kwa michezo ya kundi, kwa kumite isiyogusa uso. Na mkanda mweusi kwa mtoto wa miaka 10 ni nguo nzuri ya picha. Ninyi wazazi mnaoulizia lini, mkipigiwa hesabu ya ada ya mtihani mtaelewa nani anauhitaji zaidi.

Turudi kwenye kodi, kwa kuwa nilianza nayo na sitaki mtoke mkisema mzee ameongea ndoto. Saa moja na nusu ya ukumbi inagawanyika. Dakika arobaini za kwanza ni za watoto, wale wadogo kabisa wakimaliza kwenye nusu saa. Dakika kumi za katikati ni za wote pamoja, kusalimiana na kata moja nyepesi, mzazi na mwanawe bega kwa bega, jambo ambalo wanalipenda kuliko tunavyodhani. Dakika arobaini zinazobaki ni za wakubwa, watoto wakifanya kazi za shule pembeni. Vijana wa miaka 13 hadi 17 waanze na watoto kama wasaidizi, kisha wabaki sehemu ya pili kwa mazoezi yao wenyewe, bila kupigana na wakubwa. Mtapoteza nini? Mtapoteza ule mstari mrefu unaopendeza kwenye picha ya simu. Klabu mbili za jirani zinaweza pia kuchangia ukumbi mmoja, mmoja achukue watoto wote na mwingine wakubwa wote. Najua Goju na Shotokan, mitindo miwili ya karate, kuketi pamoja ni mtihani mgumu kuliko wowote niliowahi kuufanya, lakini mtoto wa miaka 6 hajui tofauti yenu.

Pale mezani kuna fomu ya usajili ya ukurasa mmoja. Inauliza selimundu, pumu, kifafa, presha, kisukari, malaria ya karibuni, dawa anazotumia, na namba ya simu ya mtu atakayepokea usiku. Chukueni, nakilini, badilisheni mnavyotaka. Ijazwe na mzazi, isomwe na kocha, na isiachwe juu ya dirisha kwa kila mtu kuisoma, maana ugonjwa wa mtu si tangazo. Ambao hawajui kusoma wasomewe, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, pembeni.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuna mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mkanda mweusi, na mwalimu mmoja wa mstari wa mbele hajaacha kutikisa kichwa tangu nilipoigusa Sanchin. Mama aanze.